Kizibo cha Metali na Kizibo Cheupe: Je, cha Zamani Kiondolewe?

Mwalimu mmoja wa shule ya sekondari, mwenye vizibo viwili vya metali katika magego yake tangu ujana, alimjia mwandishi wa makala haya na swali. Alikuwa amesikia kwamba ndani ya vizibo hivyo mna zebaki, nayo zebaki ni sumu. Je, aviondoshe vyote mara moja, atiwe vile vyeupe vinavyofanana na jino? Ili kumjibu, hatuna budi kuanza na kemia.

Amalgamu ni nini?

Kizibo cha metali hutengenezwa kwa kuchanganya zebaki na unga wa aloi ya fedha, bati na shaba. Karibu nusu ya uzito wa mchanganyiko huo ni zebaki. Mwanzoni huwa laini, na daktari wa meno huushindilia ndani ya tundu. Kisha zebaki huungana na metali nyingine, na mchanganyiko mzima huwa mgumu. Huu ndio uitwao amalgamu. Zebaki iliyofungwa humo si majimaji tena, ingawa mvuke kidogo sana hutoka mtu anapotafuna.

Amalgamu huvumilia unyevu wa kinywa na hudumu miaka mingi. Kasoro yake ni kwamba haishikamani na jino. Ili isichomoke, tundu huchongwa liwe pana chini na jembamba juu, mfano wa mtungi. Kwa hiyo hata sehemu nzima za jino hukatwa.

Kizibo cheupe hushikaje?

Mwaka 1955 Michael Buonocore, mtaalamu wa meno huko Rochester, Marekani, alionyesha kwamba asidi ya fosforiki ikipakwa juu ya enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, utomvu wa plastiki hushika vizuri zaidi. Asidi huyeyusha madini ya kalsiamu na kuacha vinyweleo visivyoonekana kwa macho. Utomvu hupenya humo na kugandia, kama mizizi ya mti ndani ya ardhi.

Mwaka 1962 Mmarekani mwingine, Rafael Bowen, alipewa hataza ya utomvu uliochanganywa na unga wa silika. Huo ndio msingi wa kompositi za leo. Daktari huimulika kompositi kwa mwanga wa buluu. Mwanga huo huchochea molekuli fupi ziungane kuwa minyororo mirefu, yaani polima. Lakini molekuli zinapoungana, husogeleana pia. Hivyo kompositi husinyaa kwa asilimia 2 hadi 3 hivi ya ujazo wake. Kusinyaa huko kwaweza kuacha ufa pembeni, na bakteria wakapata njia. Ndiyo sababu kwa kawaida daktari huijaza kwa matabaka ya milimita 2 hivi, na hulinda jino lisiguswe na mate. Pamoja na hadhari zote hizo, katika magego kompositi kwa jumla imeonekana kuharibika mapema kuliko amalgamu.

Basi, kiondolewe?

Kizibo cha zamani kikiwa kizima, jibu ni hapana. Kukikeketa kwa mashine hutoa mvuke wa zebaki mwingi kwa muda kuliko kukiacha, na kila uchimbaji hupunguza jino lenyewe. Mwaka 2020 mamlaka ya Marekani inayosimamia chakula na dawa ilishauri kwamba vizibo vya amalgamu vilivyo katika hali njema visiondolewe, ila kwa sababu za kitabibu. Sababu hizo ni kama kizibo kuvunjika, jino kuoza chini yake, au mgonjwa kuthibitika kwamba mwili wake haupatani na metali hizo.

Msomaji atauliza: kama ni hivyo, mbona dunia inaiacha amalgamu? Sababu kubwa ni mazingira. Zebaki inayotoka katika kliniki hufika majini, ambako bakteria huigeuza kuwa kampaundi yenye sumu kali zaidi, nayo hulimbikana katika samaki. Ugonjwa uliogunduliwa Minamata, Japani, mwaka 1956 ulitokana na sumu ya namna hiyo, iliyomwagwa na kiwanda. Mkataba wa Minamata ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017. Mwaka 2025 nchi wanachama zilikubaliana kwamba matumizi ya amalgamu yakome ifikapo mwaka 2034. Makubaliano hayo yanahusu vizibo vipya; hayamwamuru mtu kung'oa alivyo navyo.

Na zahanati isiyo na umeme itatumia nini? Katikati ya miaka ya 1980, hapa Tanzania, ilianzishwa njia ya kuondoa uozo kwa zana za mkono tu na kuziba kwa saruji inayojishikiza kwenye jino. Baadaye saruji ya ionoma ya kioo, ambayo hutoa floridi, ndiyo iliyotumiwa zaidi. Njia hii imeenea katika nchi nyingi.

Mwalimu wetu alishauriwa aviache vizibo vyake, avipeleke kukaguliwa mara kwa mara, na kitakachoharibika kibadilishwe. Wanafunzi nao wakumbuke kwamba hakuna kizibo kinacholingana na jino zima: wapunguze sukari, na wapige mswaki kwa dawa yenye floridi.