Mitambo ya Singeli: Safari ya Mdundo Kutoka Kompyuta hadi Spika

Singeli ni muziki unaotengenezwa kwa kompyuta na kupigwa mbele ya watu kwa kompyuta hiyohiyo. Ulianzia katika vitongoji vya Dar es Salaam kama Manzese, Tandale na Mburahati, kwenye sherehe za usiku kucha zinazoitwa vigodoro. Ma-DJ walichukua vipande vya ala vya nyimbo za taarabu, wakavirudiarudia na kuvikimbiza, huku MC akighani juu yake bila kupumzika. Tangu hapo umesambaa mikoani na kuvuka mipaka. Upigwe kwenye tamasha la Nyege Nyege la Uganda, lililoanza mwaka 2015, au kwenye sherehe ya uani katika kata ya Nkuhungu jijini Dodoma, mpangilio wa mitambo haubadiliki: chanzo cha mlio, kadi ya sauti, mikisa, amplifaya, spika, na umeme wa kuviendesha vyote.

Kinachoipa mitambo hiyo kazi ngumu ni kasi. Amapiano ya Afrika Kusini hukaa karibu na mapigo 112 kwa dakika. Singeli hukimbia kati ya mapigo 200 na 300. Kwa mapigo 300, kila pigo hudumu milisekunde 200, yaani sehemu moja ya tano ya sekunde, na robo ya pigo, ambayo ndiyo nafasi ya silabi moja ya MC anayeghani kwa haraka, hudumu milisekunde 50 tu. Chombo kinachochelewesha sauti kwa kiasi kisichosikika katika rumba kinaweza kuuvuruga wimbo wa singeli. Kwa hiyo mitambo ya muziki huu hupimwa kwa muda kabla ya kupimwa kwa ukubwa wa sauti.

Chanzo cha mlio

Kabla ya kompyuta kulikuwa na kinanda. Katika mchiriku, muziki wa mitaa ya Dar es Salaam uliotangulia singeli, vinanda vidogo vya Casio vilitoa sauti kupitia amplifaya chakavu na spika za honi, vikisindikizwa na ngoma. Kundi la Jagwa Music, lililoanzishwa mwaka 1992, ndilo lililoupeleka mtindo huo mbali zaidi. Albamu yake ya Bongo Hotheads ilitoka Ubelgiji mwaka 2012.

Singeli ilichukua ukali huo wa mlio na kuuhamishia kwenye kompyuta mpakato. Biti hutengenezwa studio, mara nyingi kwa programu ya FL Studio, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1997 ikiitwa FruityLoops. Humo mtayarishaji hupanga ngoma, besi na vipande vya sauti katika mistari, kisha huongeza kasi. Siku ya kupiga, kazi huhamia kwenye programu ya ma-DJ, na katika singeli iliyozoeleka zaidi ni Virtual DJ. Kila kitufe cha kompyuta hupewa jukumu: hiki kinarudisha wimbo kwenye alama fulani, kile kinakamata nusu pigo na kulizungusha, kingine kinaingiza king'ora au kelele ya kuamsha watu. DJ anayevibonyeza kwa haraka huwa anatunga upya wimbo mbele ya wasikilizaji.

Programu hizo pia huamua kama sauti itapanda inapokimbizwa. Santuri au kanda ikizungushwa haraka, sauti hupanda na kuwa nyembamba. Programu ya kisasa inaweza kuongeza kasi huku ikiiacha sauti katika kimo chake cha mwanzo, lakini kufanya hivyo kunaitaka kompyuta ipige hesabu nyingi. Ma-DJ wengi wa singeli huiacha ipande, na ndiyo sababu vinanda na fidla za taarabu husikika katika singeli kwa wembamba usio wa kawaida.

Studio ya Sisso ya Mburahati ilijulikana nje ya nchi kupitia mkusanyiko wa Sounds of Sisso, uliotolewa mwaka 2017 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Sisso mwenyewe alishirikiana na mpiga kinanda Maiko katika albamu ya Singeli Ya Maajabu ya mwaka 2024. Ushirikiano wa namna hiyo unaonyesha njia mbili za kupiga muziki wa kielektroniki mubashara: mmoja anaendesha vipande vilivyorekodiwa, mwingine anabonyeza noti papo hapo.

Vidhibiti

Vitufe vya kompyuta havikuundwa kwa muziki, na gizani ni rahisi kuvikosea. Kwa sababu hiyo wengi huongeza kontrola, yaani ubao wenye magurudumu mawili, vitelezi na vitufe vyenye taa. Kontrola hutuma amri kwa lugha inayoitwa MIDI, iliyozinduliwa mwaka 1983 ili vinanda vya kampuni tofauti viweze kuwasiliana. MIDI haibebi sauti. Hubeba maagizo tu: noti ipi imebonyezwa, kwa nguvu kiasi gani, na imeachiwa lini. Agizo moja la noti, likipita kwenye waya wa asili wa MIDI, huchukua takriban milisekunde 1. Hapa hakuna ucheleweshaji wa kuogopa. Tatizo huanza hatua inayofuata.

Kadi ya sauti

Ndani ya kompyuta muziki ni namba. Kadi ya sauti huzigeuza kuwa umeme mdogo unaobeba sauti, kwa kasi ya kawaida ya namba 44,100 kila sekunde. Kompyuta haizipeleki namba hizo moja moja. Huzikusanya kwanza kwenye fungu, kisha hulipeleka fungu zima. Fungu la namba 256 huchelewesha sauti kwa karibu milisekunde 6. Fungu la namba 1,024 huichelewesha kwa milisekunde 23, karibu nusu ya robo ya pigo la singeli.

Fundi hawezi kulipunguza fungu apendavyo. Likiwa dogo mno, kompyuta dhaifu hushindwa kulijaza kwa wakati na sauti hukatika kwa milio ya tatata. Kila kompyuta ina kiwango chake, nacho hutafutwa kwa majaribio kabla ya wageni kufika. Kadi ya nje inayounganishwa kwa USB husaidia, kwa kuwa huja na programu yake ya kupitisha sauti kwa njia fupi, na pia hutenganisha sauti ya ukumbini na ile ya hedifoni ambamo DJ husikiliza wimbo unaofuata.

Spika za Bluetooth, ambazo zimejaa mitaani, hazifai kwa kazi hii. Bluetooth ya kawaida huchelewesha sauti kwa milisekunde 100 hadi 200. Kwa mapigo 300, pigo zima linaweza kuwa limepita kabla kitufe kilichobonyezwa hakijasikika. Spika hizo zinatosha kucheza wimbo uliokamilika. Kupiga mubashara kunahitaji waya.

Mikisa, maiki na ala za asili

Mikisa hupokea sauti zote, hupima nguvu ya kila moja na kuzipeleka mbele zikiwa pamoja. Katika singeli sauti kuu ni mbili: kompyuta na maiki ya MC. Maiki inayotumika sana jukwaani ni ya aina ya Shure SM58, iliyoanza kuuzwa mwaka 1966, ambayo husikia zaidi kilicho mbele yake na kupuuza kilicho nyuma. Sifa hiyo hupotea MC anapokikumbatia kichwa cha maiki kwa kiganja, kama wengi wapendavyo. Maiki huanza kusikia pande zote, sauti ya spika huiingia, hutoka tena kwenye spika na kurudi, na matokeo yake ni mluzi mkali unaotoboa masikio. Dawa ni kuishika chini ya kichwa na kuziweka spika kubwa mbele ya MC, zikiwaelekea watu.

Waya nao una maneno yake. Waya wa maiki wenye pini 3 hubeba sauti katika nyuzi mbili zinazopingana, na kelele inayoingia njiani hujifuta yenyewe inapofika mwisho. Waya wa jeki ya kawaida hauna kinga hiyo, kwa hiyo haufai kuvutwa mbali.

Katika uwanda wa kati wa Tanzania kuna sauti ya tatu inayostahili nafasi kwenye mikisa: ilimba, marimba ya mkono ya Wagogo, pamoja na zeze. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliifikisha ilimba kwenye majukwaa ya dunia, na mwaka 2002 alitoa albamu ya Assembly pamoja na mpiga gita wa Kanada Michael Brook. Mwanawe Msafiri Zawose alikwenda mbali zaidi mwaka 2017 katika albamu ya Uhamiaji, ambamo ala za Kigogo hukaa pamoja na vinanda vya kielektroniki. Kinshasa nako kundi la Konono No. 1 lilikuwa limeshaonyesha njia: lilivipa vinanda vyake vya vidole maiki zilizotengenezwa kwa sumaku za vipuri vya magari, na mkoromo uliotokea ukawa sehemu ya muziki wenyewe.

Njia rahisi ya kuiunganisha ilimba ni kubandika kwenye ubao wake kipokezi kidogo kinachohisi mtikisiko wa mbao badala ya kusikia hewa. Kwa kuwa hakisikii hewa sana, spika zinaweza kupandishwa bila mluzi kuanza mapema. Njuga na vichuma vidogo vinavyochezacheza kwenye ala hiyo husikika kwa nguvu kupitia kipokezi hicho, hivyo fundi mitambo hupunguza sauti nyembamba kwenye mikisa mpaka noti zisimame wazi.

Amplifaya na spika

Mikisa hutoa umeme mdogo sana; amplifaya huukuza. Kabla haujafika huko, kifaa cha kugawa mawimbi hupeleka besi kwenye sabufa na sauti za juu kwenye spika ndogo na twita. Mgawanyo huu ni wa lazima, kwa sababu besi huteketeza twita kwa dakika chache.

Spika nyingi zina ukinzani wa ohm 8. Mbili zikiunganishwa sambamba hubaki ohm 4, na nne hubaki ohm 2. Kadiri ohm zinavyopungua ndivyo amplifaya inavyolazimika kutoa mkondo mwingi zaidi, na ile isiyotengenezwa kwa ohm 2 hupata joto, hujizima au huungua. Kuzidisha wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, ongezeko ambalo sikio hulihisi kwa kiasi kidogo. Mahali pa wazi, kila umbali unapozidi mara mbili sauti hushuka kwa desibeli 6. Kuziinua spika juu ya vichwa na kuzisogeza karibu na wachezaji huleta faida kubwa kuliko kununua amplifaya nyingine.

Umbali huleta pia suala la muda. Sauti husafiri hewani takriban mita 346 kila sekunde kwenye joto la nyuzi 25, kwa hiyo mita 17 hula milisekunde 50: robo kamili ya pigo la singeli. MC aliye mita 17 kutoka kwenye spika zake, akifuata mdundo anaousikia, huwafikia watu akiwa nyuma kwa robo ya pigo. Ndiyo sababu jukwaa lenye mpango huwa na spika ndogo miguuni pa MC. Kwa hesabu hiyohiyo, kuweka spika pande mbili zinazotazamana za uwanja huwafanya walio pembeni wasikie midundo miwili. Spika zote zikikaa upande mmoja, uwanja mzima hucheza pigo moja.

Umeme, mwinuko na vumbi

Umeme wa Tanzania ni wa volti 230. Volti zikishuka, amplifaya huwa ya kwanza kulegea. Umeme ukikatika ghafla, kompyuta huendelea kwa betri yake lakini mikisa huzima, pamoja na kadi ya sauti isiyopata umeme wake kwenye kompyuta. UPS ndogo, yaani betri ya akiba, inayobeba vifaa hivi viwili humpa fundi dakika za kuwasha jenereta bila kupoteza mpangilio.

Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kidogo, na injini ya jenereta ya kawaida hupoteza karibu asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko. Jenereta iliyopimwa pwani hutoa Nkuhungu nguvu pungufu kwa zaidi ya asilimia 10. Kwa upande mwingine, amplifaya iliyoandikwa wati 2,000 haitoi wati hizo muda wote: muziki wa kawaida hutumia wastani wa moja ya nane ya uwezo wake, na muziki uliobanwa na kujaa besi kama singeli unaweza kukaribia theluthi. Ukubwa wa jenereta hupangwa kwa kuyazingatia yote mawili.

Kompyuta na mikisa vikichomekwa kwenye soketi za nyaya tofauti, spika zinaweza kutoa ngurumo isiyokoma. Kuvichomeka mahali pamoja huiondoa mara nyingi. Kukata waya wa ardhi wa plagi pia huiondoa, lakini ni hatari, kwani MC anayeshika maiki ya chuma anaweza kupigwa na umeme. Amplifaya huwashwa mwisho na kuzimwa kwanza, ili mshtuko wa vifaa vingine usizifikie spika.

Kiangazi cha Dodoma, kuanzia Mei hadi Novemba, ni cha ukavu, upepo na vumbi. Vumbi huziba matundu ya feni, kompyuta hupata joto na kujipunguzia kasi, na hapo tatata za kadi ya sauti hurudi. Kwenye vitelezi vya mikisa vumbi huleta mikwaruzo. Meza iliyo kivulini, kitambaa cha kufunika vifaa visipotumika, na brashi laini baada ya kila kazi huongeza miaka ya vifaa.

Kiwango cha sauti

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2022 mwongozo wa kumbi za burudani unaoweka kikomo cha wastani wa desibeli 100. Kwa kipimo cha kitaalamu cha usalama kazini, desibeli 85 zinavumilika kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu. Kwa desibeli 100 hubaki robo saa tu. DJ, MC na fundi mitambo ndio walio hatarini zaidi, kwa kuwa hukaa karibu na spika tangu mwanzo hadi mwisho, na vizibo vya masikio ni sehemu ya vifaa vyao vya kazi. Kwa majirani, kelele nchini husimamiwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Besi ndiyo inayopenya kuta na kwenda mbali, hivyo kuipunguza sabufa saa za usiku huwapunguzia majirani usumbufu kuliko kushusha sauti za juu, na maneno ya MC hubaki yakisikika vizuri uwanjani.