Baraza Mtandaoni: Programu Huria za Majadiliano kwa Walimu wa Kiswahili wa Kasese na Bwera

Utangulizi

Mwalimu mmoja wa Bwera aliuliza swali katika kundi letu la simu: je, mwanafunzi aliyeandika "jumbe mbili" akosolewe? Majibu yalikuja siku hiyohiyo, na yalikuwa mazuri. Wapo waliosema kwamba "ujumbe" halina wingi katika matumizi ya kawaida. Wengine walitetea "jumbe" kwa mfano wa "ufunguo" na "funguo", na mmoja alieleza vizuri maana mbili za neno hilo, yaani habari inayopelekwa na kundi la watu waliotumwa. Miezi michache baadaye mwalimu wa Kasese mjini aliuliza swali lilelile. Hakuna aliyeweza kuyapata yale majibu ya kwanza. Aliyeyaandika kwa kirefu alikuwa amebadilisha simu, na wengine walikuwa wamefuta mazungumzo ya zamani ili kupata nafasi. Tukaanza upya, tena kwa haraka na kwa uchovu.

Tukio hilo dogo ndilo lililotufanya tuandike makala hii. Tunakusudia kueleza programu huria za kuendeshea majukwaa ya majadiliano ni nini, zinafanyaje kazi, na kwa nini suala hili linamhusu mwalimu wa lugha kuliko anavyodhani.

Mwalimu aliye peke yake

Kiswahili kiliingizwa katika Katiba ya Uganda mwaka 2005 kuwa lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, ulikifanya kuwa somo la lazima katika madarasa mawili ya mwanzo. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Maagizo hayo yametangulia walimu. Katika shule nyingi tunazozitembelea wakati wa mazoezi ya kufundisha, mwalimu wa Kiswahili ni mmoja tu, na hana mwenzake wa kumuuliza jambo wakati wa mapumziko.

Kwa upande wa Bwera kuna jambo la ziada. Katika soko la Mpondwe, Kiswahili cha Uganda hukutana na Kiswahili cha Kongo kinachovuka kutoka Kasindi, na mwanafunzi husikia "kitabu yangu" kila siku ya soko. Hatusemi kwamba anayesema hivyo hana lugha. Anafuata kanuni za lahaja yake, na biashara inakwenda. Lakini karatasi ya mtihani inataka "kitabu changu". Mwalimu aliye peke yake anahitaji mahali pa kuuliza amwelezeje mtoto tofauti hiyo bila kumdharau mama yake anayeuza sokoni.

Jukwaa la majadiliano hufanyaje kazi?

Jukwaa ni tovuti ambayo watu huandika maswali na kujibizana, kila swali likiwa na ukurasa wake. Ndani yake mna sehemu tatu. Ya kwanza ni seva, yaani kompyuta inayopokea maombi ya wasomaji. Ya pili ni hifadhidata, ambayo ni kama kabati lenye madaftari: daftari la wanachama, la mada, la majibu. Ya tatu ni programu yenyewe. Msomaji anapobofya mada, programu hufungua kabati, huchukua majibu yanayohusika, huyapanga kwa tarehe na kumjengea ukurasa papo hapo.

Kwa kuwa kila kitu kimo katika kabati moja, anayejiunga leo anaweza kutafuta neno "ujumbe" na kusoma mjadala wa miaka mitano iliyopita. Hilo ndilo linalokosekana katika makundi ya simu. Aidha, programu hugawa madaraka: mgeni husoma, mwanachama huandika, msimamizi huhamisha au kufuta, na mkuu wa jukwaa huwateua wasimamizi. Mpangilio huo haukutofautiana sana na baraza la wazee, ambapo si kila aliyeketi huruhusiwa kufunga shauri.

Miongoni mwa programu zinazojulikana ni phpBB, iliyoanzishwa na James Atkinson mwaka 2000. Toleo lake la pili lilitoka 2002 na la tatu Desemba 2007. Discourse ilitokea 2013. Ni ya kisasa zaidi lakini hudai seva yenye kumbukumbu kubwa. Vyuo vinavyotumia Moodle, iliyotoka 2002, tayari vina jukwaa la majadiliano ndani ya kila kozi, ingawa mara nyingi halitumiki.

"Huria" maana yake nini?

Programu zote tatu zilizotajwa hutolewa kwa leseni ya GPL, ambayo chimbuko lake ni kazi ya Richard Stallman. Yeye alitangaza mradi wa GNU mwaka 1983, na leseni ya kwanza ikatoka 1989. Leseni hiyo humpa mtumiaji haki nne: kuitumia programu kwa kazi yoyote, kuchunguza namna ilivyoandikwa, kuwagawia wengine nakala, na kuibadilisha kisha kuyatoa mabadiliko hayo. Wengi huiona haki ya kwanza tu, kwamba haiuzwi. Kwa mwalimu wa lugha, haki yenye thamani kubwa ni ya nne, kama tutakavyoonyesha.

Kiswahili ndani ya programu

Maneno yote anayoyaona msomaji kwenye jukwaa huwekwa katika mafaili ya lugha. Katika phpBB, ya Kiingereza yamo katika folda iitwayo "en". Alama ya Kiswahili kimataifa ni "sw". Kila mstari wa faili una pande mbili: kushoto pana jina linalotambuliwa na programu, na kulia pana maneno ya kusomwa na watu. Mfasiri hubadilisha upande wa kulia tu. Hahitaji kujua kuandika programu, ila asiguse alama kama %d, ambayo mahali pake hujazwa namba.

Hapa ndipo sarufi yetu inapoanza kudai haki yake. Tutataja mambo manne.

Kwanza, upatanisho wa kisarufi. Mwandishi wa programu aliyezoea Kiingereza huandika neno moja la kueleza kwamba kitu kimefutwa, akalitumia popote. Kwetu haiwezekani: mada imefutwa, ujumbe umefutwa, jibu limefutwa, mwanachama amefutwa. Mfasiri akichagua "imefutwa" kwa yote, jukwaa la walimu wa Kiswahili litakuwa linawafundisha wanachama wake "ujumbe imefutwa" kila siku. Katika programu ya kampuni iliyofungwa tungeandika barua ya malalamiko na kungoja. Katika programu huria tunaweza kuugawa mstari huo mmoja kuwa minne, kila nomino na kitenzi chake, kisha kuwapelekea wenye programu marekebisho hayo.

Pili, wingi na nafasi ya namba. Kiingereza hutanguliza namba. Sisi husema "majibu 5", na panapokuwa na moja, "jibu 1". Programu nzuri humruhusu mfasiri kuihamisha alama ya namba na kuandika umbo la umoja na la wingi mbalimbali. Na hapo lile swali la Bwera hurudi: tukishindwa kukubaliana kuhusu "jumbe", mstari huo utabaki wazi.

Tatu, saa. Programu huandika 19:00, nasi tunasema saa moja jioni. Yupo anayeweza kushawishika kuirudisha nyuma saa ya jukwaa kwa saa sita ili isomeke Kiswahili. Asifanye hivyo, kwa sababu kumbukumbu zote zitapotoka. Ni afadhali kutumia mtindo wa saa 24, ambao hauna utata, na kuliacha suala hilo kuwa zoezi darasani.

Nne, istilahi. Hatuanzi sifuri. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice mnamo Desemba 2004, programu huria ya kiofisi yenye maelekezo ya Kiswahili. Moodle na Discourse nazo zina mafaili ya Kiswahili yaliyoanzwa na wafasiri wa kujitolea. Kabla ya kubuni neno jipya, tutazame waliotutangulia waliamua nini. Sisi tunapendekeza "baraza" kwa jukwaa zima, "mada" kwa kila swali na "msimamizi" kwa mwenye zamu. Wanaopendelea "jukwaa" watoe hoja zao.

Gharama na wajibu

Huria si sawa na bure. Jina la tovuti hulipiwa, seva hulipiwa, na lazima awepo mtu wa kuitunza. Desemba 2004 kirusi kiitwacho Santy kiliharibu maelfu ya tovuti zilizotumia phpBB ambazo hazikuwa zimesasishwa. Programu yenyewe ilikuwa imekwisha kutolewa kiraka. Waliochelewa kukiweka ndio walioumia.

Kuna pia wajibu wa kisheria. JamiiForums ya Tanzania, iliyoanza mwaka 2006, ilionyesha jinsi majadiliano ya Kiswahili mtandaoni yanavyoweza kukusanya umma mkubwa. Desemba 2016 mwanzilishi wake mmojawapo, Maxence Melo, alikamatwa, na miongoni mwa mashtaka lilikuwa la kutowapa polisi taarifa za watumiaji. Mwenye jukwaa hushika siri za watu. Kwa hiyo tusiombe taarifa tusizozihitaji: jina na anwani ya barua pepe vinatosha. Nchini kwetu Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inamhusu kila anayekusanya taarifa hizo.

Mwisho ni bei ya intaneti. Kati ya Julai 2018 na katikati ya 2021, Waganda walitozwa shilingi 200 kwa siku ili kufungua WhatsApp, Facebook na huduma nyingine zilizoorodheshwa. Baadaye ikaja kodi ya asilimia 12 juu ya data. Jukwaa haliepuki kodi hiyo ya pili. Lakini kurasa zake nyingi ni maandishi matupu, hivyo hutumia data kidogo kuliko picha na video za makundini. Tena phpBB huweza kuwekwa katika kompyuta moja ya maabara ya shule na kusomwa na kompyuta nyingine za chumba hicho bila intaneti kabisa. Shule ya Bwera isiyo na fedha za data inaweza kuanza hivyo.

Hitimisho

Tunapendekeza hatua tatu. Tuanze na kompyuta moja ya maabara yetu, tuweke phpBB na tuijaribu kwa muhula mmoja. Wanafunzi wa somo la tafsiri wagawiwe mistari mia moja kila kikundi, na kila mstari wenye utata wa upatanisho uletwe darasani ujadiliwe. Kisha walimu wa Kasese na Bwera waalikwe kuleta maswali yao, na majibu yaandikwe humo yakiwa kamili, pamoja na mifano.

La kwanza kuwekwa liwe lile la "jumbe". Walimu wanaokumbuka walichojibu wakati ule tunawaomba watuandikie tena au wafike idarani kabla ya muhula kufungwa. Safari hii tutahifadhi.