Bili ya Gesi ni Somo la Lugha Pia

Wapo walimu wanaoamini kwamba vipimo ni mali ya hisabati na fizikia pekee, na kwamba mwalimu wa lugha hana lake huko. Maoni yangu ni tofauti. Kila kizio ni neno kabla hakijaambatana na nambari, na asiyelielewa neno hilo huenda akalipa asichodaiwa. Hebu tutazame bili ya gesi asilia ya kupashia nyumba joto nchini Uingereza, ambako wengi wa jamaa na wanafunzi wetu wanaishi.

Hapa Kenya gesi ya kupikia tunainunua kwa uzani, mtungi wa kilo 6 au wa kilo 13. Gesi asilia ya Uingereza huingia nyumbani kwa bomba, na mita hupima ujazo wake tu. Hata hivyo, bili hutozwa kwa kilowati-saa, yaani kizio cha kawi. Mteja huona nambari moja ukutani na nyingine karatasini, asijue zinahusianaje.

Uhusiano wenyewe si mgumu. Tuseme mita imeonyesha kwamba zimetumika mita za ujazo 100. Kwanza huzidishwa kwa 1.02264, ili kurekebisha tofauti za halijoto na shinikizo, kwa kuwa gesi hutanuka na kunywea. Kisha huzidishwa kwa kiasi cha joto kilichomo katika kila mita ya ujazo, tuseme megajuli 39.5, kiasi hiki hubadilika kidogo, nacho huandikwa kwenye bili. Mwisho hugawanywa kwa 3.6, kwani kilowati-saa moja ni megajuli 3.6. Jibu ni kilowati-saa 1,122 hivi.

Hatari imo katika mita kuukuu, ambazo huhesabu futi za ujazo mia mia. Futi za ujazo 100 ni sawa na mita za ujazo 2.83. Basi mita mpya ikiandikishwa kimakosa kuwa ya futi, mwenye nyumba atadaiwa kilowati-saa 3,175 badala ya 1,122, karibu mara tatu ya haki yake! Kosa lenyewe ni la jina la kizio tu. Nambari iliyosomwa ni sahihi kabisa.

Marekani nako mambo yana utata wake. Huko bili nyingi hutaja themu, ambayo ni BTU 100,000. BTU moja ni joto linalotosha kupandisha halijoto ya ratili moja ya maji kwa digrii moja ya Farenhaiti. Aidha, katika Mcf herufi M ni elfu, kwa mujibu wa nambari za Kirumi, ilhali katika MMBtu herufi hizo mbili ni elfu mara elfu, yaani milioni. Lakini mwanafunzi wetu amefunzwa kwamba M ni mega, yaani milioni. Akiisoma Mcf kwa mazoea hayo, atakosea mara elfu moja.

Je, Kiswahili kinatusaidia? Kwa kiasi. Tunayo maneno joto na halijoto, yanayotenganisha dhana mbili ambazo wengi huzichanganya. Lakini neno mita hubeba maana mbili, chombo cha kupimia na kizio cha urefu, hata tukalazimika kusema kwamba mita imesoma mita za ujazo. Nalo neno yuniti, tulitumialo kila tununuapo stima, huificha kilowati-saa nyuma ya pazia. Nani atahoji bei ya kitu asichokijua jina?

Napendekeza, basi, kwamba bili iingie darasani. Mwalimu wa Kiswahili awaulize wanafunzi kila neno lina maana gani. Mwalimu wa hisabati afuatishe hesabu. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza "ngapi?" afunzwe pia kuuliza "ngapi za nini?" Siku atakapokuwa mwenye nyumba, awe Nairobi au London, swali hilo ndilo litakalomlinda. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Nami naongeza kwamba daftari lisiloeleweka halina tofauti na kukosa daftari.