Wapwani, msiukimbilie Mlima Kenya

Mkaazi wa Mji wa Kale, Mombasa, amezoea ngazi za nyumba za ghorofa na zile za Leven zinazoshuka hadi majini. Hapo yuko usawa wa bahari, na mapafu yake hayana kazi kubwa. Akipanda basi jioni, kesho yake aweza kuwa kwenye lango la Sirimon, zaidi ya mita 2,600 juu, na usiku wa pili akalala kambi ya Shipton, mita 4,200. Mwili hauwezi mwendo huo.

Hewa ya mlimani ina oksijeni asilimia 21, sawa na ya Mombasa. Kinachopungua ni mgandamizo wake. Kwenye kilele cha Lenana, mita 4,985, ambako Kisoi Munyao alipandisha bendera ya uhuru Desemba 1963, kila pumzi hubeba karibu nusu tu ya oksijeni tuliyoizoea. Mwili hujirekebisha, lakini huhitaji siku kadhaa, si saa.

Msimu mmoja wa kaskazi nilipanda na sahibu yangu, mwalimu mzaliwa wa Kibokoni na mwogeleaji hodari. Tuliongeza usiku mmoja katika kambi ya Old Moses, mita 3,300, kisha tukaenda Shipton. Kabla ya magharibi kichwa kilimwanga, akaisukuma sahani ya wali, halafu akatapika.

"Ni baridi tu hii, daktari," akasema. "Nipe Panadol, alfajiri tuko juu."

Nilimwomba atembee katika mstari, kisigino kikigusa kidole. Akapepesuka kama mlevi, naye hajaonja tembo maishani.

"Sheikh, tunashuka sasa hivi," nikamwambia.

Alikasirika, kwani alikuwa amejiwekea akiba mwaka mzima kwa ajili ya kilele kile. Tulimshika mkono, mimi na kiongozi wetu, tukashuka kwa tochi hadi Old Moses. Kulipopambazuka alikuwa ameketi, akiulizia chai.

Kwa nini hatukungoja asubuhi? Maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi ni dalili za mwanzo za ugonjwa wa mlimani. Mtu akianza kupepesuka au kusema ovyo, ubongo umeanza kuvimba. Akihema hali ameketi, au akikohoa povu, maji yameingia mapafuni. Hali zote mbili zaweza kuua kwa muda wa saa chache. Panadol hutuliza maumivu, haizuii uvimbe. Tiba ya kwanza ni kushuka.

Ujana na misuli havimkingi mtu. Pengine kijana mwenye nguvu ndiye aliye hatarini zaidi, kwani hupanda mbio.

Ukishapita mita 3,000, jaribu usilale zaidi ya mita 500 juu ya mahali ulipolala jana. Kambi zikiachana zaidi ya hapo, ongeza usiku. Ukiumwa kichwa, usipande tena hadi kipoe. Epuka pombe na dawa za usingizi. Iko dawa iitwayo asetazolamaidi inayousaidia mwili kuzoea, lakini muone daktari wako kwanza, kwani haimfai kila mtu.

Sisi wa Pwani tuna jambo jingine. Kwa kuwa wazee wetu waliishi na malaria vizazi vingi, wengi wetu tumerithi chembechembe za selimundu. Mwenye ugonjwa wenyewe asipande kabisa. Hata aliyerithi kwa mzazi mmoja tu, naye hajisikii lolote hapa, bandama lake laweza kudhurika huko juu. Pimwa damu kabla ya safari.

Mwisho, wewe na mwenzako wekeaneni ahadi mkiwa bado Mombasa: hakuna atakayeficha maumivu ya kichwa, na hakuna atakayeachwa ashuke peke yake.