Kikombe cha Maziwa na Dirisha la Dawa

Watu wengi hudhani kwamba dawa ikishatoka dirishani na kutiwa mkononi mwa mgonjwa, kazi ya hospitali imekwisha. Daktari amepima na kuandika; mtu wa dawa amehesabu vidonge, amevitia ndani ya bahasha, na juu yake ameandika "1 x 3". Mgonjwa hushukuru akaenda zake. Lakini hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza, na mahali pa kuiona waziwazi si Nairobi wala Mombasa, bali ni vijiji kama Idsowe, huko karibu na Garsen, katika delta ya mto Tana.

Msomaji aliyepata kupanda basi la Malindi kwenda Lamu aijua Garsen. Kandokando ya mto Wapokomo hulima mpunga, ndizi na maembe, na Waorma hupita na ng'ombe wao wakifuata malisho na maji. Mto ukifurika, barabara hukatika na vijiji hugeuka visiwa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa wakati wa El Niño ya 1997 na 1998, ikawa tena mwishoni mwa 2023, kisha Aprili na Mei 2024. Siku kama hizo mtu hawezi kurudi hospitali kwenda kuuliza kama dawa humezwa kabla ya chakula au baada yake. Alilolisikia dirishani ndilo alilo nalo.

Basi natuanze na kikombe cha maziwa, kwani kwa mfugaji maziwa ndiyo chakula, ndiyo kinywaji, na mara nyingi ndiyo maji ya kumezea dawa.

Kuna dawa zinazoitwa tetrasaiklini, ambazo hutumika kuua vijidudu vya namna nyingi. Chokaa iliyomo ndani ya maziwa huikamata dawa hii tumboni na kuizuia isiingie damuni, hata nusu yake au zaidi ikapotea bure. Siprofloksasini nayo hupunguzwa nguvu vivyo hivyo. Mgonjwa amekunywa dawa yake kwa uaminifu, hakukosa hata siku moja, wala haponi. Atasema dawa ni mbovu, au daktari hajui kazi, au amerogwa. Kumbe aibaye dawa ni kile kikombe.

Sasa geuza ukurasa. Dawa ya malaria itumikayo Kenya leo, artemetha-lumefantrini, ambayo wengi huijua kwa kifupi AL, yataka mafuta. Lumefantrini ikimezwa tumbo tupu huingia damuni kidogo mno. Ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta mengi huingia mara 16 zaidi. Wala hapana haja ya karamu: maziwa kidogo, wali uliopikwa kwa tui, au chapati yatosha. Kikombe kile kile kinachomdhulumu mgonjwa wa jana ndicho kinachomwokoa mgonjwa wa leo. Nani atayajua haya nyumbani, kama hakuambiwa? Kwenye bahasha ya "1 x 3" hayamo.

Na hesabu za AL si za "mara tatu". Ni mara sita kwa siku tatu: ya kwanza papo hapo, ya pili baada ya saa nane, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Mtu mzima humeza tembe nne kila mara, zote zikawa 24. Mtoto wa chini ya kilo 15 hupewa moja moja. Mtoto akitapika ndani ya nusu saa, apewe tena, na mama arudi kuchukua ya kufidia. Tabu ni kwamba homa hushuka siku ya pili. Mtoto anacheza, na mama, kwa huruma na kwa kubana matumizi, huzihifadhi tembe zilizobaki kwa ajili ya mdogo wake atakayeugua kesho. Simlaumu. Lakini vijidudu vilivyobaki havikufa, vimejeruhiwa tu, navyo hujifunza.

Haya si maneno ya kutishana. Klorokwini, ambayo wazee wetu wote waijua kwa uchungu wake na kwa kuwasha kwake, iliwahi kuwa dawa ya kutegemewa. Mwaka wa 1998 Kenya ikaiacha kwa kuwa haikufanya kazi tena. Ikaja Fansidar, nayo haikudumu: mwaka wa 2004 serikali iliamua kuhamia AL, na kufikia 2006 ikaanza kugawiwa hospitalini. Na sasa dalili za vijidudu kuanza kuivumilia artemisinini zimekwisha kuthibitishwa nchi jirani za Uganda, Tanzania na Rwanda. Tembe sita zilizofichwa chini ya godoro huko delta si jambo la nyumba moja.

Nirudi kwenye ile "1 x 3". Mgonjwa huisoma kuwa asubuhi, mchana na jioni, pamoja na chai, chakula cha mchana na chakula cha usiku. Akimeza saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa moja jioni, basi usiku kucha, saa 12 nzima, hana dawa mwilini. Dawa ya kuua vijidudu inayotakiwa kila baada ya saa nane humezwa saa 12 asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku. Ni neno moja tu, "kila baada ya saa nane," lakini lazima lisemwe. Vivyo hivyo pakiti ya chumvichumvi ya kuzuia kukauka maji kwa mtoto anayehara: kuna za lita moja na kuna za nusu lita, na mama asiyeonyeshwa ipi ni ipi huenda akamwekea mtoto chumvi mara mbili ya inayotakiwa. Na tembe za zinki zinazokwenda pamoja nayo huendelea siku 10 hadi 14 hata kuhara kukikoma. Asipoelezwa, siku ya tatu atazitupa.

Ni nani basi huyu anayepaswa kusema? Kwa sheria ya Kenya, Sheria ya Famasia na Sumu ya 1957, kazi ya dawa ina wenyewe, na bodi yake hutoa leseni. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kusomesha wafamasia mwaka wa 1974, na vyuo vya mafunzo ya utabibu hutoa wateknolojia wa famasia. Lakini tuseme kweli: katika zahanati nyingi za mashambani anayesimama dirishani ni muuguzi, ambaye asubuhi hiyo hiyo amezalisha, amechanja watoto na amefunga vidonda. Foleni ni ndefu na jua ni kali. Mtu wa namna hiyo kumwambia azungumze na kila mgonjwa ni kumtwisha mzigo juu ya mzigo, nami sitaki kumnyoshea kidole. Ninalosema ni kwamba dakika mbili za maneno ni sehemu ya dawa, kama vile unga ulivyo sehemu ya kidonge, na wanaopanga watumishi wa afya katika kaunti, tangu jukumu hilo liwaangukie mwaka wa 2013, yafaa wazihesabu hizo dakika.

Fikra hii si ngeni, wala haikutoka Ulaya peke yake. Baghdad ya Bani Abbas ilikuwa na maduka ya dawa yaliyosimama mbali na tabibu, na mwenye duka aliitwa saydalani. Muhtasibu wa soko alikuwa na haki ya kuingia na kukagua mizani na dawa zake. Karne ya 11 al-Biruni aliandika kitabu kizima juu ya elimu ya dawa, Kitab al-Saydana, akizitaja dawa kwa majina yake katika lugha mbalimbali, maana alijua kwamba jina likikosewa mtu hufa. Wazungu nao walipita njia ndefu. Karne ya 20 mfamasia wao alikuwa amekwisha kuwa mtu wa kuhesabu na kubandika karatasi, mpaka Wamarekani wawili, Hepler na Strand, walipoandika mwaka wa 1990 kwamba mfamasia ana dhamana juu ya matokeo ya dawa katika maisha ya mgonjwa, si juu ya chupa tu. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka wa 2003 kwamba hata katika nchi tajiri ni kiasi cha nusu tu ya wenye maradhi ya muda mrefu wanaofuata matibabu yao barabara.

Kuna mwezi mmoja katika mwaka ambao dirisha la dawa lina kazi mara dufu, nao ni Ramadhani.

Delta ya Tana iko karibu mno na ikweta, na kwa hiyo mchana wake haurefuki wala haufupiki sana. Kutoka alfajiri hadi magharibi ni saa 13 na ushei, Ramadhani ikianguka kiangazi au masika. Katika saa hizo dawa ya mara tatu haina nafasi. Muislamu mgonjwa hufanya moja kati ya mawili: ama huacha dawa mwezi mzima, ama huzikusanya zote akazimeza kwa pamoja baada ya kufuturu. Yote mawili ni hatari, na yote mawili hufanywa kwa nia njema kabisa.

Hali ya wenye kisukari ndiyo ya kutazamwa zaidi. Uchunguzi mkubwa uliofanywa mwaka wa 2001 katika nchi 13, ukawahusisha watu 12,243, ulionyesha kwamba kati ya wenye kisukari cha aina ya pili, 79 katika kila 100 walifunga, na hatari ya sukari kushuka vibaya sana ilikuwa mara saba na nusu kuliko miezi mingine. Suratul Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na kila Muislamu ayajua hayo. Lakini watu hufunga, na afadhali wafunge kwa ilimu. Mfamasia anayejua kazi huanza mapema, tangu Shaabani. Humwuliza mgonjwa, "Mzee, unakusudia kufunga?" Akijibiwa ndiyo, hutazama dawa. Metformini huweza kupangwa wakati wa futari na daku. Glibenklamidi, ambayo huishusha sukari hata mtu asipokula, yataka tahadhari kubwa, na hapo humpelekea daktari habari ili ipunguzwe au ibadilishwe. Tembe ya presha inayotoa maji kwa mkojo husogezwa magharibi. Na mgonjwa huambiwa bila kuficha kwamba sukari ikishuka chini ya 3.9 kwenye kipimo, afungue hapo hapo, hata kama adhana imebakia dakika kumi.

Yako maswali mengine ambayo mgonjwa huona haya kuyauliza hospitalini, na kwa sheikh hana jina la dawa. Je, dawa ya macho inafunguza? Sindano je? Wanazuoni na madaktari walikutana Casablanca, Morocco, Juni 1997, wakakubaliana kwamba dawa za macho na masikio, sindano zisizokuwa za chakula, dawa za kubandika ngozini, na tembe ya maumivu ya moyo iwekwayo chini ya ulimi, mradi mtu asimeze mate yenye dawa, hazibatilishi saumu. Juu ya dawa ya kuvuta ya pumu kauli zimetofautiana, na hapo ni haki ya sheikh kusema. Lakini mwenye pumu asiache dawa kwa kukisia tu.

Pia aulizwe habari ya habasoda. Siisemi vibaya, nyumba ngapi za pwani hazina? Ila uchunguzi umeonyesha yaweza kushusha sukari, na mtu anayeila kila siku pamoja na vidonge anameza dawa mbili huku daktari akihesabu moja. Akiulizwa kwa ukali atakana. Akiulizwa kwa upole, "Mama, na za nyumbani watumia zipi?" atazitaja zote.

Limebaki la insulini. Kwenye karatasi imeandikwa iwekwe katika friji, na vijiji vingi vya delta havina friji. Basi wako wagonjwa wanaokata tamaa. Mwaka wa 2021 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walitangaza matokeo ya uchunguzi uliofuata joto la kambi ya Dagahaley, Dadaab, huko Garissa, ambako nyumbani usiku huwa digrii 25 na mchana hufika 37. Insulini iliyokaa wiki nne katika joto la namna hiyo ilipimwa, ikaonekana ina nguvu sawa na iliyokaa kwenye baridi. Hii ni ile chupa iliyokwisha kufunguliwa na inayotumika. Zilizobaki zingoje kwenye friji ya hospitali, na mgonjwa achukue moja moja. Huko nyumbani mtungi wa udongo utasaidia: uwekwe kivulini penye upepo, chupa itiwe ndani ya kikopo kilichofungwa vizuri isiingie maji, na tarehe ya kuifungua iandikwe juu yake kwa kalamu.