Ali bin al-Hasan wa Kilwa: Baina ya Ngano na Sarafu

Orodha ya wafalme wa Sumeri humpa Gilgamesh wa Uruk miaka 126 ya utawala, na msomaji hutambua mara moja kwamba amekwisha ingia katika milki ya ngano. Mwanzilishi wa Kilwa Kisiwani hapimiki kwa wepesi huo. Tarikh ya Kiarabu humwita Ali, mwana wa mtawala wa Shiraz, aliyekinunua kisiwa kwa nguo. Katika masimulizi ya Kiswahili yaliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1907, mwenyeji Mrimba anamwoza Mshirazi binti yake, anapokea nguo, kisha anahamia bara. Mkwewe naye anasomesha Kurani hata maji yakajaa palipokuwa pakivukwa kwa miguu. Tarikh ya Kiarabu yataja mfereji uliochimbwa. Tukio ni moja: huku jembe, huku dua.

Sarafu zenye jina la Ali bin al-Hasan zipo, na maandishi yake yana vina, upande mmoja ukiuitikia wa pili. Neville Chittick aliziweka karibu na mwaka 1200. Hazina iliyofukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984, ilizirudisha hadi karne ya 11, kwani zilikutwa pamoja na dinari za Kifatimi.

Mwaka 2023 uchunguzi wa vinasaba vya mifupa ya kale ya pwani, ya Kilwa ikiwamo, ulionyesha kwamba nasaba ya Kiajemi iliingia takriban mwaka 1000, hasa kwa upande wa wanaume. Ya akina mama ilikuwa ya Kiafrika kwa sehemu kubwa mno. Ndoa ya binti Mrimba, ambayo ni rahisi kuipita kama pambo la hadithi, ndiyo inayokaribiana zaidi na mifupa.