Kukauka, Kuganda au Kukomaa? Kitenzi Kimoja katika Shauri la Hataza

Hataza hulinda uvumbuzi kwa maneno. Kwa hiyo mpaka wa haki ya mvumbuzi hutegemea maana ya maneno hayo. Mfano mmoja ni ulimbo wa viwandani. Leo Baekeland, aliyepewa hataza ya ulimbo wa Bakelite nchini Marekani mwaka 1909, alipambanua hali tatu za ulimbo huo unapopashwa moto. Katika hali A huyeyuka. Katika B hulainika kwa joto lakini hauyeyuki. Katika C haulainiki wala hauyeyuki.

Mfasiri akiandika kwamba ulimbo "umekauka", adokeza kuwa umepoteza maji. Akiandika "umeganda", adokeza kuwa waweza kuyeyuka tena, kama samli. Vitenzi vyote viwili vyaficha jambo la msingi, yaani badiliko la kikemia lisilorudi nyuma. Tena, mdaiwa auzaye ulimbo wa hali B aweza kushinda au kushindwa kwa kitenzi hicho kimoja.

Wafanyabiashara wa pwani yetu walitenga chakazi, yaani sandarusi mbichi, na ile iliyokaa ardhini muda mrefu hata ikawa ngumu; bei zao hazikulingana. Kigezo chao kilikuwa ukomavu. Twapendekeza basi kitenzi "kukomaa", na hali B iitwe "nusu-komavu". Mwaka 2021 sheria ya Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama; yafaa istilahi hii isanifishwe kabla ya mashauri ya namna hiyo kuwafikia majaji.